Dhamana wakati wa rufaa, rufaa ya haraka au adhabu mbadala: ndugu wa mfungwa wachague ipi?

Siku ya hukumu ndugu hupigwa na butwaa mara mbili. Kwanza kwa kifungo chenyewe, kisha kwa kugundua kwamba ile dhamana waliyoizoea tangu kesi ianze imekufa pale pale, hakimu alipotamka kwamba mshtakiwa ana hatia. Mdhamini bado yuko benchi la nyuma na hati yake ya nyumba kwenye bahasha, lakini askari keshamshika mkono mtu wake.

Jioni hiyo hiyo huanza ushauri. Mmoja atasema kateni rufaa muombe dhamana, atoke asubirie nyumbani. Mwingine atasema dhamana ya mfungwa ni kuchoma hela, kimbizeni rufaa yenyewe. Wa tatu ana habari za mtu aliyebadilishiwa kifungo akawa anafagia hospitali. Wote watatu wanasema kweli: njia hizo zipo katika sheria za Tanzania na Kenya. Tatizo ni kwamba hazimfai mtu yule yule, na mara nyingi familia hushika ile iliyosemwa kwa sauti kubwa kuliko nyingine.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kwa wafungwa walio wengi, fedha ya kwanza iende kwenye rufaa, si kwenye ombi la dhamana. Wapo wachache ambao dhamana ndiyo jibu sahihi, na wanatambulika mapema ukijua cha kutazama.

Dhamana ya kabla na ya baada ya hukumu

Hizi hubeba jina moja na hazina undugu mkubwa. Kabla ya hukumu mshtakiwa anahesabiwa hana hatia. Katiba ya Tanzania inasema hivyo kwenye ibara ya 13(6)(b), na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49(1)(h), inampa aliyekamatwa haki ya kuachiwa kwa masharti nafuu hadi kesi iishe, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Kwa hiyo Kenya upande wa mashtaka ndio unaohangaika kueleza kwa nini mtu abaki ndani.

Baada ya hukumu mzigo unahama. Mahakama inamchukulia mfungwa kuwa ametiwa hatiani ipasavyo mpaka mahakama ya juu iseme vinginevyo. Kumwachia ni hiari ya mahakama, na yeye ndiye mwenye kuishawishi. Ndiyo maana hoja iliyomtoa mtu wakati wa kesi, yaani ana makazi maalumu, ana wadhamini wawili wa kuaminika, hajawahi kukosa tarehe, sasa haitoshi. Itasaidia ukishavuka kizingiti. Kukuvusha haiwezi.

Vizingiti vitatu: Dar es Salaam, Nairobi, Kampala

Ukisoma sheria ya Tanzania peke yake utadhani jambo hili ni jepesi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 368 kwa namba za toleo la 2022, inasema rufaa ikishafunguliwa, Mahakama Kuu au mahakama iliyomhukumu mtu inaweza kumwachia kwa dhamana kwa sababu ya msingi ambayo itaandikwa. Basi. Ugumu umeletwa na majaji, na umeletwa zamani. Mwaka 1958, katika shauri la Raghbir Singh Lamba, Mahakama Kuu ya Tanganyika ilisema dhamana ya namna hii itolewe tu panapokuwa na sababu za kipekee na zisizo za kawaida, na kwamba ugumu wa kesi, tabia njema ya mwombaji au taabu ya wanaomtegemea si sababu za aina hiyo. Mawakili wa Tanzania bado wanapambana na maneno hayo hadi leo.

Kenya ilifika hapo hapo kwa kupitia mashauri mawili ya mwaka 1986 ambayo kila wakili wa jinai wa Nairobi anayajua kwa kichwa. Katika shauri la Jivraj Shah, Mahakama ya Rufaa ilisema dhamana inafaa ikiwa rufaa inaonekana kuwa na hoja nzito ya kisheria inayoweza kuishindisha, na ikiwa kifungo, au sehemu yake kubwa, kitakuwa kimekwisha kabla rufaa haijasikilizwa. Katika shauri la Dominic Karanja ikaongeza ukali: uwezekano wa kushinda uwe mkubwa kiasi kwamba hakuna maana ya kumnyima mtu uhuru wake. Afya mbaya peke yake haitoshi kama magereza yana huduma ya matibabu. Shida za familia hazitoshi. Ahadi ya kutotoroka haitoshi, hata ikiungwa mkono na wadhamini.

Hapa ndipo ninapoona fedha nyingi za ndugu zikipotea. Fungua hati ya kiapo ya kawaida ya kuomba dhamana ya rufaa, na utakuta kurasa zimejaa watoto wanaosoma, mama mgonjwa kijijini, mkopo wa benki, duka lililofungwa. Yote ni kweli na yote yanauma. Lakini Dar es Salaam na Nairobi jaji anayasoma huku akijua kwamba yalikwisha kukataliwa kama sababu kabla hata yeye hajaanza kazi. Hoja moja ya kisheria, iliyoandikwa kwa aya mbili na kuonyesha ukurasa wa hukumu ambapo kosa lipo, ina uzito kuliko watoto sita na ada zao.

Kampala wanapima tofauti. Mwaka 2003, katika shauri la Arvind Patel, Mahakama ya Juu ya Uganda ilitaja mambo sita ya kutazamwa: tabia ya mwombaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama kosa lilihusisha kumdhuru mtu kwa nguvu, kama rufaa si ya kubahatisha na ina uwezekano wa kutosha wa kufaulu, kama kuna hatari ya rufaa kuchelewa sana, na kama mwombaji alitii masharti ya dhamana aliyopewa hapo nyuma. Ikasema pia kwamba si lazima yote sita yawepo. Mawili au zaidi yakikaa pamoja yanaweza kutosha.

Angalia tofauti. Tabia njema, ambayo Tanzania na Kenya huwekwa kando, Uganda ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Na ucheleweshaji wa rufaa unahesabiwa kama jambo linalojitegemea. Kwangu mimi kipimo cha Kampala ni cha haki zaidi, kwa sababu kinakubali ukweli ambao vile vingine viwili vinauzunguka: mara nyingi kinachomwumiza mfungwa ni rufaa kutosikilizwa, si uzito wa hoja zake. Jaji wa Nairobi au Dar es Salaam anatakiwa aseme kwamba rufaa ina kila dalili ya kushinda kabla hajaisikiliza. Ni jambo gumu kwa jaji mwangalifu. Anaogopa kuihukumu rufaa ambayo huenda italetwa mbele yake mwenyewe au kwa mwenzake, hivyo njia salama kwake ni kukataa.

Hesabu ambayo watu hawaipigi

Kabla ya kumlipa wakili kwa ajili ya dhamana, chukua kalamu. Tanzania na Kenya zote mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, isipokuwa kwa makundi fulani, kama wenye kifungo cha maisha. Aliyepewa miezi 18, kwa kawaida atakaa 12.

Sasa tuseme amefungwa mwanzoni mwa Januari. Anapata dhamana mwisho wa Februari, anakaa nyumbani, na mwishoni mwa Oktoba rufaa inatupwa. Muda aliokuwa nje hauhesabiki; sheria za nchi zote mbili zinasema wazi kwamba unaondolewa kwenye hesabu ya kifungo. Anarudi Novemba akiwa bado na miezi kumi, na atatoka mwishoni mwa Agosti mwaka unaofuata. Angebaki ndani tangu mwanzo, angekuwa huru Januari. Dhamana ya rufaa ni mkopo: ukishinda unasamehewa deni, ukishindwa unalipa lote.

Kwa mwenye hoja imara, mkopo huo una maana kubwa, maana bila ya dhamana anaweza kushinda rufaa wakati kifungo keshakimaliza. Kwa mwenye hoja dhaifu, dhamana ni kusogeza machungu mbele, na kurudi gerezani mara ya pili, nyumbani wakiwa wameshamzoea tena, wengi husema ni kugumu kuliko mara ya kwanza.

Mfano wa Kenya unaonyesha pande zote mbili. John Waluke, mbunge wa Sirisia, na mshirika wake Grace Wakhungu walitiwa hatiani Juni 2020 katika kesi ya mahindi ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Walitozwa faini za mamia ya mamilioni ya shilingi, na kwa kushindwa kulipa, Waluke alikabiliwa na vifungo vilivyofika jumla ya miaka 67. Septemba mwaka huo wakapata dhamana wakisubiri rufaa. Waluke alirudi kwenye siasa na kushinda tena ubunge Agosti 2022, jambo ambalo Katiba ya Kenya inaliruhusu kwa kuwa mtu haondolewi sifa hadi njia zote za rufaa ziishe. Oktoba 2022 Mahakama Kuu ikaitupa rufaa. Miaka miwili ya uhuru si kitu kidogo, lakini mbele ya hesabu ya kifungo ilikuwa sifuri.

Rufaa ya haraka

Njia ya pili haina mvuto, labda kwa sababu haina siku ya kushangilia mlangoni mwa gereza. Badala ya kuomba mtu atoke akasubiri, unaomba kusubiri kwenyewe kufupishwe.

Peter Lijualikali, aliyekuwa mbunge wa Kilombero, alihukumiwa kifungo cha miezi sita bila faini Januari 2017. Mwishoni mwa Machi mwaka huo huo Mahakama Kuu ilimwachia huru kwa rufaa. Piga ile hesabu ya theluthi: miezi sita ni minne. Rufaa ile ingechelewa hadi Juni, ingekuwa ya kusafisha jina tu. Mtu atasema yule alikuwa mbunge na mawakili wa chama. Kweli. Lakini mambo yanayoifanya rufaa iende mbio hayahitaji cheo.

La kwanza ni muda. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi Tanzania, notisi ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na petisheni ya rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kenya ni siku 14. Ukizipita, unaanza kuomba kuongezewa muda, na hapo hata ombi la dhamana halina pa kusimama, kwa sababu hakuna rufaa iliyo hai. Mfungwa mwenyewe anaweza kutoa notisi kupitia mkuu wa gereza, bure. Ndugu wafike gerezani wiki ile ile wahakikishe amefanya hivyo. Wasidhani wakili keshafanya.

La pili ni nakala. Rufaa nyingi hazichelewi kwa sababu ya majaji bali kwa sababu mwenendo wa kesi haujachapwa, haujasahihishwa au jalada liko njiani kutoka mahakama ya chini. Hapa mtu mmoja wa familia mwenye subira, anayekwenda masjala kila wiki na barua yenye mhuri wa kupokelewa, ana thamani kubwa. Barua hizo pia ni ushahidi. Miezi ikipita bila nakala, zinageuka kuwa hoja bora ya kuomba dhamana, kwa sababu sasa kuchelewa kunaonekana kwa tarehe, hakusimuliwi kwa kiapo tu.

La tatu ni hati ya dharura, kumweleza jaji kwamba kifungo ni kifupi na kitaisha kabla ya zamu. Majaji huielewa lugha hii kuliko ya dhamana. Si ajabu jaji akakataa dhamana na papo hapo akaagiza rufaa ipangiwe tarehe ya karibu. Anayepata jibu hilo asilihesabu kuwa kushindwa.

Kulipa faini, au kutumikia nje

Kama hukumu inasema faini au kifungo, na faini inaweza kupatikana bila kuuza paa la nyumba, lipeni. Kulipa hakuzuii kukata rufaa. Machi 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa Chadema, akiwemo mwenyekiti wa wakati huo Freeman Mbowe, na kuwatoza faini za jumla ya shilingi milioni 350 au kifungo cha miezi mitano. Faini zikalipwa, rufaa ikaendelea wakiwa nje bila dhamana ya mtu yeyote, na Juni 2021 Mahakama Kuu ikafuta hukumu na kuamuru fedha zirudishwe. Hakuna ombi la dhamana lenye uhakika wa namna hiyo.

Huduma kwa jamii ni ya vifungo visivyozidi miaka mitatu. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2002 na Kenya ya mwaka 1998. Mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walifungwa miaka mitatu Julai 2015, Mahakama Kuu ikaipunguza kuwa miwili, na Februari 2016 wakabadilishiwa wakafanye usafi katika hospitali ya Sinza, Dar es Salaam. Ubaya wake ni kwamba hatia inabaki. Mwalimu, askari au mtumishi wa umma anayetaka jina lake lisafishwe arudi kazini hatatosheka na ufagio. Kwa fundi au mkulima anayetaka tu kurudi kwa watu wake, mara nyingi hii ndiyo njia fupi kuliko zote, na ajabu ni kwamba watu huiuliza mwisho. Ofisi ya Huduma kwa Jamii na mkuu wa gereza ndio wa kuonwa kwanza, na hapo huhitaji wakili.

Sasa nani achukue ipi

Aliyekiri kosa mwenyewe mahakamani asipoteze muda na dhamana. Tanzania na Kenya zote humzuia kupinga hatia. Anabaki na ukubwa au uhalali wa adhabu. Isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, mathalani alisema "ni kweli lakini alinianza yeye", na hakimu akaandika kuwa amekiri. Hiyo ni hoja ya sheria inayoonekana kwa macho.

Mwenye kifungo kifupi, tuseme chini ya miaka miwili, na kosa la kisheria linaloonekana kwenye karatasi ya hukumu bila kuchambua ushahidi, huyo ndiye wa dhamana. Mahakama haikuwa na mamlaka. Adhabu imezidi kiwango cha sheria. Mshtakiwa hakupewa nafasi ya kujitetea. Aombe dhamana na aombe rufaa iharakishwe, vyote kwa pamoja.

Mwenye kifungo kifupi lakini rufaa yake inategemea kusema mashahidi walidanganya, aende kwenye huduma kwa jamii na kuharakisha rufaa. Majaji hawapimi ukweli wa mashahidi kwenye ombi la dhamana.

Mwenye kifungo kirefu, miaka 20 au 30, yuko mahali pagumu. Kipimo cha Jivraj Shah hakimsaidii, kwa kuwa hakuna atakayesema sehemu kubwa ya kifungo itakuwa imekwisha. Na bado yeye ndiye anayeweza kusubiri miaka. Kwake kila shilingi iende kwenye nakala na wakili wa rufaa, na suala la dhamana lisubiri hadi barua za masjala ziwe zimeonyesha kuchelewa kusikoelezeka.

Kuna jambo moja la Kenya ambalo linaweza kuharibu yote haya kama halikuangaliwa. Sheria inaruhusu ombi la dhamana lipelekwe kwa hakimu aliyehukumu au Mahakama Kuu. Wengi hukimbilia kwa hakimu kwa kuwa yuko karibu na jalada analo. Akikataa, mlango wa kuomba upya Mahakama Kuu umefungwa. Kinachobaki ni kukata rufaa dhidi ya kukataa kwake, mbele ya jaji mmoja. Hakimu aliyemfunga mtu asubuhi ana sababu gani ya kuamini mchana kwamba amekosea? Kama hoja ni nzuri, nendeni nayo Mahakama Kuu moja kwa moja. Na wadhamini muwaulize upya, kila mmoja peke yake, kama bado wako tayari: dhamana waliyosaini wakati wa kesi ilikwisha, na mtu aliyekwisha kuonja gereza ana sababu zaidi ya kukimbia kuliko yule waliyemdhamini mwanzo.